Kung'oa Uzio wa Mama Mkwe

Jina lake halisi analijua mkewe na karani aliyewafungisha ndoa. Wengine wote humwita Haina Shida, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila analoombwa. Shamba limejaa mawe? Haina shida. Lori limezama tope mpaka kwenye ekseli? Haina shida, leteni mnyororo. Na tusimsingizie, mara nyingi kweli huwa haina shida, maana yeye na lile trekta lake jekundu lililochujuka rangi wanaelewana kama ndugu waliokula sahani moja. Trekta lenyewe huwashwa kwa bisibisi, ufunguo ulishapotea zamani. Wapo watu wanaojipiga kifua na hawana kitu. Huyu alijipiga kifua na kitu alikuwa nacho, jambo lililowaudhi wengi.

Mtu mmoja tu hakubabaishwa naye: mama mkwe wake.

Nyumba zao zilipakana. Katikati ulisimama uzio wa nguzo za mti mgumu, uliojengwa mwaka ule binti wa nyumba aliposema ataolewa na jirani, dereva wa trekta, na si mwingine. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alichimba mashimo marefu utadhani anazuia tembo, kumbe ni kijana mmoja mwenye grisi mikononi. Ndoa ilifungwa hata hivyo. Wajukuu wakazaliwa, wakakua, wakaenda kutafuta maisha. Seng'enge ikaliwa na kutu na kuanguka yenyewe. Nguzo zikabaki, na mama mkwe akabaki na salamu yake ileile: "Dereva, hujambo?" Basi, hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Sasa macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu. Mchana wa jua kali aliona vivuli, mengine alikisia. Kupenya baina ya nguzo zile, pamoja na vichaka vilivyoota kati yake, hakuweza, kwa hiyo njia ya kwenda kwa binti yake ilikuwa kuzunguka kwa barabara kuu. Siku moja aliponea chupuchupu kugongwa na lori la mchanga. Tangu hapo hakutoka mpaka aje mtu kumshika mkono. Mwanamke aliyeendesha duka la vitambaa maisha yake yote, aliyepima kwa mikono yake nguo za maharusi wa mtaa mzima, leo anasubiri kushikwa mkono kama mtoto wa chekechea! Hilo lilimuuma kuliko ukungu wa macho.

Ndipo akamwita mkwewe.

"Ng'oa uzio huu, dereva. Ila nisikilize vizuri. Sitaki kisiki hata kimoja. Miguu yangu ndiyo macho yangu sasa. Ukiniachia kisiki nitajikwaa, na nikivunjika nyonga kwa umri huu siinuki tena."

"Haina shida, Mama."

"Najua utasema hivyo," alijibu mama.

Asubuhi iliyofuata Haina Shida alifyeka vichaka, kisha akarudisha trekta kinyumenyume hadi kwenye nguzo ya kwanza. Mwenye pupa huifunga nguzo mnyororo kiunoni na kuivuta, nayo hukatika palepale udongoni. Yeye hakuwa mgeni wa kazi. Aliufunga mnyororo chini kabisa, akasimamisha ringi kuukuu ya gurudumu mbele ya nguzo, akaupitisha mnyororo juu ya ringi, kisha akaunasa kwenye trekta, chini ya ekseli. Trekta likisogea, ringi hubiringika kidogo na nguzo huvutwa kwenda juu badala ya kulazwa kando. Ya kwanza ilitoka nzima na udongo wake, kama muhogo.

"Nzima?" aliuliza mama kutoka kwenye kiti chake.

"Nzima, Mama."

"Fukia."

Akafukia, akashindilia kwa mabuti. Mama akaja na fimbo yake, akavua kandambili na kupapasa pale kwa unyayo. "Hapa panatitia," akasema. Haina Shida akashindilia tena. Wakaenda hivyo nguzo kwa nguzo, yeye akiimba kwa sauti mbaya juu ya trekta, mkewe akichungulia dirishani na kumtania, "Baba watoto, usije ukang'oa na nyumba!"

Ikabaki nguzo moja, nene kuliko zote, mkabala na mlango wa jiko la mkewe. Yaani katikati kabisa ya njia atakayopita mama.

Alifunga mnyororo, akasogeza trekta. Mnyororo ukakaza na kulia. Ringi ikazama udongoni. Nguzo haikutikisika hata kidogo, na magurudumu ya mbele ya trekta yakaanza kuinuka. Anayejua trekta anajua kinachofuata: linapinduka kwa nyuma na kumkalia dereva wake. Haina Shida alikanyaga klachi, mashine ikarudi chini kwa kishindo.

Ilibaki mbinu moja. Kulegeza mnyororo, kwenda kwa kasi, na kuivuta nguzo ghafla. Alijua itavunjika. Alijua pia kisiki kitabaki wapi. Lakini mtu aliyesema haina shida maisha yake yote hashuki kirahisi kutoka kwenye trekta kusema vingine. Akaingiza gia.

"Zima hiyo mashine!"

Mama alikuwa amesimama, fimbo juu.

"Unafikiri sisikii? Injini imelia kwa hasira. Ulitaka kuivunja."

Haina Shida akanywea. Alizima, akashuka, akafuta mikono kwenye suruali. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Mama, hii imenishinda. Imeshikwa na nini huko chini?"

Miaka yote ile alikuwa amempa mama mkwe salamu, sukari na majibu. Swali hakuwahi kumpa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Hiyo ina miguu. Ina vibao viwili vilivyopishana kitakoni, na mawe juu yake. Marehemu alishika, misumari nikapiga mimi."

"Wewe, Mama?"

"Mimi. Mwenzangu angetosheka na ua wa michongoma. Mimi ndiye niliyesema, huyu kijana anajisifu mno, tumpe kitu cha kuhangaika nacho."

Kumbe miaka yote amemlaumu marehemu bure! Haina Shida alitafuta hasira moyoni, akaikosa. Alichokipata ni lile neno "mwanangu".

"Ulipiga misumari mingi?"

"Mingi. Chimba upande wa nyumba yangu, utakuta jiwe bapa. Toa hilo kwanza."

Alichimba, mama akielekeza kwa fimbo bila kukosea. Jiwe likatoka. Mtaimbo ukaingia, vibao vikalia na kupasuka. Safari hii trekta lilisogea polepole, na nguzo ikatoka nzima, vipande vya vibao vikining'inia. Akafukia, akashindilia mpaka visigino vikamuuma. Kisha akanyoosha mkono.

"Mama, nishike tuvuke."

"Ondoa mkono wako."

Mama alitangulia, mguu mmoja, kisha mwingine, akipapasa udongo mpya. Haina Shida alisimama roho mkononi, akitaka kumfuata na akijizuia. Katikati ya njia mama alisita, akageuza sikio kwenye mlio wa sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni, akaendelea, sasa kwa hatua ndefu zaidi.

Binti yake alikuwa jikoni akichambua mchele, mgongo mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," alijibu bila kugeuka. Kisha akageuka, na ungo ukamponyoka. "Mama! Nani amekuleta?"

"Nimejileta."