Namna Nilivyokataa Kusamehewa Deni

Mwaka wa tatu tangu tuhamie Maskati kutoka Unguja, shemegi yangu, kaka wa mke wangu, alitujulisha kwa adabu kubwa kwamba chumba tulichokuwa tukikaa nyumbani kwake kingehitajika. Mwanawe alikuwa anaoa baada ya Idi Kubwa. Hakusema tutoke. Alisema tu kwamba chumba kile kina upepo mzuri, unaomfaa bwana harusi, kisha akatuletea sahani ya halwa. Mke wangu, aliyelelewa katika adabu hiyohiyo, aliielewa halwa ile kabla hajaionja.

"Tuna miezi minne," aliniambia. "Na kiwanja nnacho."

Kiwanja kilikuwa chake kweli. Alikirithi kwa mjomba wake huko Sidab, kijiji cha wavuvi jirani na Maskati: kipande cha ardhi nusu mwamba, nusu mchanga, hatua kumi na nane kwa kumi na moja. Nilikipima mara tatu. Kibali cha kujenga, ambacho zama zile kilitakiwa hata kwa mtu aliyetaka kuongeza dirisha, shemegi alitusaidia kukipata kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake kabla ya hapo, wala baadaye. Vilivyokosekana ni boriti, chokaa, saruji, milango na ujira wa fundi. Yaani nyumba yenyewe.

Matrah, penye bandari, palikuwa na tajiri wa vifaa vya ujenzi aliyewakopesha watu waliowahi kuwa askari. Wengi walimsifu kwa huruma. Mimi niliulizia, nikaambiwa kwamba alikuwa akiuza bidhaa kambini, na huko aligundua kuwa askari mstaafu ana tabia mbili zinazomfaa mkopeshaji: huamka mapema, na huogopa karatasi yenye muhuri. Mkopo wake ulikuwa wa bei ya khiyari, kwa kuwa riba ni haramu na yeye alikuwa mcha Mungu. Utaratibu wake ni huu. Unamuuzia kiwanja chako pamoja na nyumba itakayosimama juu yake. Bei anakupa kwa vifaa na pesa. Mnakubaliana miaka kadhaa, na ndani ya miaka hiyo una khiyari ya kuinunua tena kwa bei ileile. Wakati huo unakaa humo kama mpangaji, unamlipa kodi kila mwezi. Riba haimo. Niliifanyia hesabu kodi yake, nikaona inafanana na riba kama pacha anavyofanana na pacha, lakini mimi si sheikh.

Mimi nilikuwa askari, na neno hilo nalitumia kwa uangalifu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili nilikuwa karani wa bohari katika jeshi la Waingereza, nikafika nao mpaka Burma, ambako kwa miezi kumi na minne nilipigana na unyevu usiharibu mablanketi. Unyevu ulishinda. Hata hivyo niliachishwa kazi kwa heshima, na karatasi niliyopewa ilisema, kwa Kiingereza, kwamba tabia yangu ni nzuri mno. Nilijifunza Kiingereza sawasawa baada ya vita, na sababu mojawapo ilikuwa kutaka kujua karatasi ile inasema nini.

Basi nilijitayarisha. Nilikuwa na kitabu cha kutunza hesabu nilichokiagiza kwa posta zamani, na sura moja ilieleza kwamba mwenye kuomba mkopo aoneshe usafi wa mahesabu yake. Nikaandika waraka kwa mwandiko wangu bora. Mali: kiwanja cha mke. Pato: kuwaandikia watu barua na kushika daftari za maduka mawili. Madeni: hakuna.

Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Kule Unguja nilimchukulia mke wangu cherehani kwa malipo ya kidogokidogo, kwa mwenye duka wa mtaani kwetu. Yalipotokea ya mwaka sitini na nne tukatawanyika, nilikuwa nimebakisha shilingi mia mbili na arubaini. Cherehani ilibaki huko, anaishonea mtu nisiyemjua. Deni nilikuja nalo. Mwaka uliofuata na mwenye duka naye akaja, akafungua kiduka cha viungo Matrah, katikati ya njia yangu ya kazini. Tangu siku hiyo nilikuwa nikizunguka kupitia soko la mbuzi. Safari ya dakika kumi na moja ikawa ya dakika ishirini na tano. Mke wangu alidhani napenda kutembea.

Nilimkuta tajiri barazani kwake na watu watatu wanaokunywa kahawa. Ujana wake aliutumia Unguja, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alinitaka nimfasirie karatasi ya jeshi.

"Nani kaandika kuwa tabia yako nzuri mno?"

"Afisa wangu."

"Yuko wapi?"

"Kwao Uingereza, kama yu hai."

"Sasa wewe ukinitoroka, nende nikamgongee mlango?"

Watu wa kahawa wakacheka. Tajiri akauchukua waraka wangu, akashusha kidole juu yake mpaka chini.

"Madeni hakuna. Hata ya muuza samaki?"

"Namlipa taslimu."

"Miaka mitatu uko hapa, hapana alokukopesha hata ratili ya sukari?"

"Sikuomba."

"Ndo hayohayo. Yakhe, mtu asodaiwa ni mtu ambae hapana alomuamini. Leo mimi niwe wa mwanzo, na boriti zangu? Nenda kaniletee mtu mmoja unaedaiwa nae, aje hapa anambie unalipa vipi."

Nilishuka barazani nikiwa mtu aliyenyimwa mkopo kwa kukosa deni, na ilhali deni ninalo, zuri, la miaka mitatu, nimelificha mwenyewe. Kitabu changu hakikuwa na sura ya jambo hilo. Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu yote kwa mpango, kuanzia mwanzo.

"Kwani cherehani hukuimaliza?"

"Imebaki mia mbili na arubaini."

"Ndo maana kila tukenda sokoni unanipitisha kwenye mbuzi?"

"Ndiyo maana."

Kutoka uani tulimsikia shemegi akimwelekeza fundi wa chokaa chumba kipi kianze kupakwa.

"Kesho utakwenda kwake," mke wangu alisema. "Na usipite kwenye mbuzi."

Mwenye duka alikuwa akimpimia binzari bibi mmoja wa makamo aliyejifunika kanga juu ya buibui. Aliniona, akaiacha mizani ikining'inia.

"Lo! Bwana karani! Mie nlidhani umehamia Bahrein. Kila mtu anambia kakuona, mimi tu sikuoni."

Nikamwambia nimekuja kwa deni la cherehani.

"Deni gani tena? Mimi nshasamehe."

Ndipo nilipojua. Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua duka, alisimama msikitini akatangaza kwamba kila aliyekuwa akidaiwa naye Unguja amemsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu walilia. Tangu siku hiyo akikaribishwa mbele katika kila harusi ya Waunguja, na duka lake halikukosa wateja. Mimi Ijumaa ile nilisali msikiti mwingine, kwa kumkwepa yeye. Nilipiga hesabu hapohapo dukani: dakika ishirini na nane kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, miaka miwili. Nilikuwa nimetembea saa mia mbili na themanini kulikimbia deni ambalo halikuwapo.

"Basi naomba unirudishie," nikasema.

"Nikurejeshee nini?"

"Deni langu."

Bibi wa binzari akageuka kunitazama. "Subhanallah," alisema, "watu wa Unguja mmeharibikiwa."

"Nlilosamehe mbele ya msikiti mzima?" mwenye duka alisema. "Nishampa Mola, leo nende nikamwambie lete? Na watu waseme nini?"

"Wengine wabaki wamesamehewa. Unidai mimi peke yangu."

"Kwa nini wewe peke yako? Una nini wewe?"

Nikamweleza habari ya kiwanja, ya chumba na harusi, na maneno ya tajiri. Alisikiliza huku akifunga binzari katika kipande cha gazeti. Bibi alipewa binzari yake, akalipa, asiondoke.

"Nikwambie kweli," mwenye duka alisema, na sauti yake ikashuka. "Daftari langu lilibaki dukani kule. Sijui namdai nani wala kiasi gani. Nlipofika hapa nkawa kila mtu nkimtazama namuona mwizi. Nlikuwa silali. Ndo nkasamehe, nkapata usingizi. Wewe ndo wa mwanzo kuja kunitajia deni kwa mdomo wake."

Alipangusa mizani kwa kitambaa.

"Mia mbili na arubaini, umesema? Mimi nakumbuka mia tatu."

"Mia mbili na arubaini. Stakabadhi zote ninazo, zimo katika bati la biskuti."

"Ulikimbia Unguja na bati la stakabadhi?"

"Na Msahafu."

"Kwa hivo hukunilipa, lakini ulinihifadhia." Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Tulivyokubaliana ni hivi. Msamaha wake ubaki na thawabu zake zote, usiguswe. Mimi, kwa mapenzi yangu na bila kudaiwa na mtu, nitampa hadiya, na hadiya hiyo itakuwa sawa na shilingi mia mbili na arubaini, zigeuzwe rupia kwa bei tuliyobishana nusu saa, itolewe kila mwanzo wa mwezi, na iandikwe katika karatasi yenye mashahidi wawili. Nilipendekeza tuongeze kifungu endapo hadiya itachelewa, naye akakubali mara moja. Bibi wa binzari alijitolea kuwa shahidi, lakini tukamwambia tumeshapata.

Siku ya pili tulikwenda sote wawili kwa tajiri. Watu wa kahawa walikuwa walewale.

"Huyu unamjua?" tajiri aliuliza.

"Namjua tangu Unguja. Nikimdai cherehani."

"Kalipa?"

"Nlimsamehe. Kaja dukani kwangu kukataa."

"Huyo ana wazimu," alisema mmoja wa wanywaji kahawa, kwa huruma.

"Wazimu huo ningeuona kwa wateja wangu wote, ningekuwa na meli," tajiri alisema. "Leta hicho kiwanja chako."

Kiwanja hakikuwa changu, kwa hiyo mauzo yalibidi yafanywe na mke wangu. Karani wa kadhi alikuja nyumbani kwa shemegi na tajiri, wakakaa barazani, na mke wangu akakaa ndani nyuma ya pazia. Karani alimsomea masharti na kumuuliza kama ameridhika. Nilitarajia aseme ndiyo mara tatu, twende tukanywe kahawa.

"Miaka mingapi?" sauti yake ikauliza.

"Mitano."

"Mume wangu akifa ndani ya hiyo mitano?"

Karani akanitazama, kama kwamba mimi ndiye niliyepanga kufa. Tajiri alisema kodi itapokewa kwa mtu yeyote.

"Kodi sikuuliza. Hiyo khiyari ya kuinunua mmeiandika kwa jina la nani?"

Ilikuwa imeandikwa kwa jina langu. Niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora, na sikuona kosa lolote.

"Mimi ndo nnaeuza," alisema. "Iandikwe kwa jina langu. Na isomwe tena."

Iliandikwa upya. Shemegi, ambaye hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya watu, alijitolea kutoa wino.

Nyumba ilisimama kwa miezi mitatu na siku tisa: vyumba viwili, jiko, na ua uliokuwa mwamba mtupu. Fundi alituwekea boriti mbili fupi kuliko nilivyoagiza, akaniambia chumba chembamba ni baridi zaidi. Tulihama wiki moja kabla ya harusi. Kwa karatasi, ardhi na kuta vilikuwa vya tajiri. Mwenye duka alikuwa akingojea hadiya yake ya kwanza. Kwa upande mwingine, nilipokuwa nikipita Matrah kwa njia ile fupi, watu nisiowajua walikuwa wakinisalimia na kunikaribisha kahawa, na mmoja aliniuliza kama ningependa kukopa mazulia.

Siku ya tatu tajiri alikuja Sidab kuitazama mali yake. Alikuwa na fimbo, akaugonga ukuta wa nje mara mbili, akaitikisa fremu ya mlango, kisha akanyanyua mguu kuingia. Mke wangu alikuwa mlangoni, kanga kichwani, ufagio mkononi.

"Karibu, sheikh. Makubadhi yako."

"Bibi, mbona hii nyumba yangu?" alisema akicheka.

"Yako, mpaka siku nitayoinunua. Lakini hiyo sakafu nimeifagia mimi sasa hivi."

Tajiri alinitazama nimsaidie. Nilikuwa nikisoma stakabadhi ya saruji. Akavua makubadhi, akayapanga nje, akaingia, akasimama miguu mitupu juu ya saruji yake, akitafuta pa kukaa, mpaka mke wangu alipomwonesha mkeka.