Chipu ya Chaki Sakafuni Panda

Nilichokiona kwanza kwa Mwalimu Joachim, jirani yangu, ni magoti ya suruali yake: meupe pepepe, hata Jumapili kwenye foleni ya komunyo. Nikadhani ni mtu wa sala nyingi.

Kumbe ilikuwa chaki. Anafundisha umeme katika shule ya ufundi huku Panda, mtaa wa Likasi, na ameng'ang'ania wazo moja: vijana wetu wasiishie wote kwenye tanuru za shaba, wengine wajifunze kubuni chipu, vijipande vya silikoni vidogo kuliko kucha, vyenye kubeba transista mamia, yaani swichi ndogo mno za umeme. Chipu huchorwa kwanza kubwa sana, kisha hupunguzwa kwa kamera. Karatasi ya ukubwa huo haipo Likasi, basi yeye na wanafunzi wake waliichora kwa chaki, wakipiga magoti, kwenye sakafu ya ukumbi.

"Tata Joachim, ile chaki tutaikula na bukari?" mkewe, Mama Adrienne, alimuuliza akisonga ugali huo.

"Ngoja. Bakubwa ba Chama banakuya. Bakiiona tu, batatupa falanga ya labo, maabara ya chipu."

Wakubwa walikuja. Mwalimu alikuwa na hotuba na fimbo ya kuelekezea, ila alisahau jambo ambalo hapa halisahauliki: mkubwa haoni kitu kabla ya kuchezewa ngoma. Kikundi cha animasiyo, wachezaji wa kumsifu Kiongozi wa nchi, kikaingia ukumbini na vitenge vyake, sura ya Kiongozi kifuani, sura ya Kiongozi makalioni. Vumbi jeupe likapanda hadi darini. Ngoma ziliponyamaza, transista zote zilikuwa kwenye nyayo za wachezaji.

Mkuu wa ujumbe akajifuta jasho kana kwamba amecheza yeye. "Citoyen Mwalimu, utafiti yako iko ya nguvu!"

"Lakini, Citoyen Président, mchoro..."

"Tumeisha kuona. Félicitations, hongera!"

Fedha zikatoka kweli, kwa jina la Utafiti na Mafunzo ya Wafanyakazi: ngoma mpya, vitenge vipya, na Mwalimu akateuliwa kuongoza kikundi.

Mama Adrienne alicheka hadi akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Sasa kila jioni anawapanga wachezaji uwanjani kwa kufuata mchoro wake: kila mmoja ni transista, na haruhusiwi kupiga hatua mpaka jirani amguse bega.

"Gertrude! Courant ya umeme haiyafika kwako, unacheza nini?"

"Minye niko transista, Mwalimu, si sanamu. Ambia Firmin aniguse muzuri!"

Jumamosi ni sikukuu ya Chama, Lubumbashi. Wakubwa watakaa juu jukwaani, na kutoka juu, Mwalimu anaapa, hawawezi kukosa kuiona chipu nzima ikifanya kazi. Hapo ndipo ataomba maabara. Fimbo ya kuelekezea amenikabidhi mimi. Suruali ameifua. Tunasubiri lori la kutupeleka.