Waraka wa Maombi Uliorudi Kampala

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kampala nilitapika. Nawaambieni waziwazi, kwa sababu nyinyi walimu mnaotoka vyuoni leo mnatutazama sisi wastaafu mkidhani tulizaliwa na chaki mkononi. Nilitapika nyuma ya jiko la shule, nikasukutua, nikaingia kwenye darasa la wasichana arobaini na kitu, wote wakasimama kwa kishindo kunisalimu kwa Kiingereza. Mwalimu Mkuu, bibi wa Kizungu wa misheni, mrefu, asiye na mchezo, alikuwa amekaa nyuma kabisa na daftari lake la ukaguzi magotini. Somo lilipokwisha aliniita barazani.

“Umesema mengi,” akaniambia kwa Kiswahili chake cha kunyooka. “Wao wamesema machache. Kesho geuza.”

Sijapata kusikia fundisho la ualimu lililo bora kuliko hilo. Enzi zetu kila mwalimu wa Kiingereza alikuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima juma kwa juma, na kutokana nalo uliandika andalio la somo kila jioni: dakika tano za marudio, kumi za matamshi, ishirini za ufahamu, na mwisho imla, mwalimu anasoma na wanafunzi wanaandika wanachosikia. Usiye na andalio huingii darasani, hata kama baba yako ni askofu. Na kwa kuwa shule ilikuwa ya misheni, kazi haikuishia ubaoni. Jumamosi tulizunguka nyumba kwa nyumba na Injili, na Jumapili tulifundisha watoto kanisani.

Mimi ni Mtaita wa Wundanyi. Mara ya kwanza nilikaa Kampala miaka minne, kisha mama yangu akaugua, nikarudi nyumbani kumuuguza na kufundisha Voi. Nilikuwa huko jeshi liliposhika serikali ya Uganda. Habari zikawa zinatufikia kwa wasafiri wa treni: fulani haonekani, fulani alichukuliwa akitoka kazini. Wamisheni wa Kizungu wakaanza kuondoka, wengine kwa hiari, wengine wakipewa siku chache tu za kufunga mizigo. Yule Mwalimu Mkuu wangu naye akaondoka na sanduku moja.

Mwaka ule mama alipofariki, Katibu wa Misheni aliniita ofisini kwake Mombasa. Alikuwa mzee mnene, mpole, anayependa majina ya watu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

“Mwalimu, kule kuna madarasa hayana mtu,” akasema. “Wewe unaijua Kampala. Na wewe ni Mwafrika, hawatakushangaa. Utarudi?”

“Nitarudi,” nikasema, hata sikuomba siku ya kufikiri.

Nilijiona shujaa. Lazima nilitaje hilo, maana yaliyofuata yote yalitokana na kujiona.

Nilipofika nilimkuta Kaimu Mwalimu Mkuu, Muganda mmoja mwembamba, mwenye adabu iliyopita kiasi. Alinikaribisha, akanionyesha chumba, kisha akanieleza utaratibu mpya. Mkutano wa maombi wa walimu ulikuwepo bado, ila hakuna aliyetamka ombi lake. Watu waliinamisha vichwa kimya robo saa nzima, wakasema amina, wakatoka.

“Hivi ndivyo mnavyoomba?” nikamuuliza.

“Nnyabo, siku hizi tunaomba kimoyomoyo,” akanijibu taratibu, nnyabo kwao ni kama bibi. “Mungu anasikia.”

Nikaguna. Moyoni nikasema, kumbe imani imewaishia hawa, ndiyo maana nimeletwa. Jamani, kiburi cha mtu mwenye Biblia kwapani hakina dawa.

Mbali na shule nilipewa darasa la alasiri huko Ntinda, pembeni ya mji, la wake wa polisi. Wengi wao walikuwa wametoka kaskazini na waume zao, kwa makabila ambayo utawala mpya haukuyaamini, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili cha kambini. Walitaka Kiingereza cha kusomea barua za serikali na za shule za watoto wao, na mimi nilitumia Injili ya Luka kama kitabu cha kusoma. Tuliketi kwenye ukumbi wa kanisa, watoto wachanga wakiwa migongoni. Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Opio, mwanamke mpana, mcheshi, aliyekuwa akinitania kwamba nimebaki bila mume kwa sababu nimeolewa na ubao. Mumewe, Sajini Oloya, alikuwa polisi wa miaka mingi.

Alasiri moja Mama Opio alibaki wenzake walipoondoka. Hakuwa na utani siku hiyo.

“Mwalimu, watu ya kwetu naitwa moja moja kazini, na hapana rudi,” akasema, akitazama mlango. “Bwana yangu amekimbia. Iko Port Bell, bandarini kule ziwani, kwa ndugu yangu ile napakia mabehewa kwenye meli. Nangoja meli moja ya kwenda ngambo. Wewe tu ndiyo najua. Ombea yeye.”

Nikamshika mikono. “Nitamwombea, Mama Opio. Nakuahidi.”

Sasa niwaeleze barua ya maombi ni kitu gani, maana nyinyi mnatumiana ujumbe kwa simu na mambo yamekwisha. Kila mmisheni alitakiwa kuandika nyumbani kila mwezi barua yenye sehemu tatu: kazi iliyofanyika, mambo ya kushukuru, na watu wa kuombewa. Katibu alikuwa mkali sana kwenye hiyo sehemu ya tatu. “Msiniletee maombi ya jumlajumla,” alizoea kutuambia. “Sijui ‘waombeeni walio taabuni’. Nani? Yuko wapi? Taabu gani? Watu wakijua jina wanaomba kwa machozi.” Na ni kweli, nimeona akina mama wa Taita wakilia kwa ajili ya mtu ambaye hawajawahi kumtia machoni.

Basi nikaandika. “Mwombeeni Sajini Oloya, mume wa mwanafunzi wangu wa Ntinda. Amejificha Port Bell kwa shemeji yake, mpakiaji wa mabehewa, akingoja meli ya kumvusha.” Sikuwa mjinga wa kuitia posta ya Kampala. Nilimpa mama mmoja wa kwetu aliyekuwa akirudi nyumbani, akaiweka ndani ya Biblia yake, ikavuka mpaka salama salimini. Nilijipongeza kwa ujanja huo.

Nilichosahau ni kazi ya ofisi yetu wenyewe. Barua zote zilipofika Mombasa, karani wa Katibu alizikusanya, akapiga taipu kwenye stensili, ile karatasi ya nta inayowekwa kwenye mashine ya kurudufu, akatoa nakala mia kadhaa. Huo ndio ulioitwa waraka wa maombi. Ukatumwa kwa posta kwenye kila kanisa lililotusaidia. Na kwa desturi, nakala moja ilipelekwa kwenye kila kituo cha misheni, ili mmisheni aone kwamba anaombewa. Miaka yote nilikuwa nikiipokea nakala hiyo kwa furaha. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba nayo inapita posta ileile ya Kampala.

Alhamisi, muda wa mapumziko, Kaimu alikuja darasani kwangu ameshika bahasha kwa ncha za vidole.

“Nnyabo, hii imefunguliwa,” akasema. “Tazama gundi.”

Gundi ilikuwa imepakwa upya, nyingi, imemwagika hadi kwenye stempu. Nikautoa waraka. Ukurasa wa pili, chini ya kichwa kilichosema Mwalimu Wetu wa Kampala Anaandika, niliyaona maneno yangu, neno kwa neno, na jina la Sajini limepigwa taipu kwa herufi kubwa ili lionekane vizuri. Kaimu aliyasoma juu ya bega langu. Hakunilaumu. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi akafunika uso.

Nilikwenda Ntinda nusu kwa miguu, nusu kwa mbio. Mama Opio alikuwa uani, amekaa chini, mbele yake jiwe la kusagia lina simsim, yaani ufuta, iliyosagwa nusu. Jirani zake walikuwa wamemzunguka.

“Jana wamechukua yeye, Mwalimu,” akaniambia. “Walikwenda moja kwa moja. Ndugu yangu nao wamechukua. Nani amesema? Mimi nilisema kwako tu, na kwa Mungu.”

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilipiga magoti karibu naye nikalia, akanishika mimi, akanibembeleza mimi, akidhani nalia kwa huruma. Sikusema.

Kesho yake niliitwa kwenye ofisi moja mjini. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana nadhifu, ananukia sabuni. Nakala nyingine ya waraka ilikuwa mezani kwake.

“Wewe ndiyo mwalimu ya Ntinda? Kaa, kaa, mama. Hapana ogopa,” akasema. “Sisi hapana na maneno na wewe. Wewe nasaidia sisi sana. Endelea kuandika tu.”

Akaniagizia soda. Niliinywa yote mpaka tone la mwisho, kwa woga, na nikamwambia asante. Nimefanya mambo mengi ya aibu maishani, lakini hakuna linalonitoa jasho kama ile soda.

Baada ya majuma mawili Mama Opio alirudi darasani. Alikaa mbele, palepale pake. Wenzake walipotoka alinipa karatasi. “Mwalimu, nataka andika kwa wakubwa, niulize bwana yangu iko wapi. Kwa Kiingereza, iwe safi, wasipate sababu ya kutupa.”

Tukaiandika pamoja. Ilikuwa barua yake ya kwanza ya kweli kwa lugha ile niliyotoka Taita kumfundisha. Nilimsahihishia kwa kalamu nyekundu kama insha yoyote, anwani upande wa kulia, salamu, shabaha ya barua, kisha akainakili kwa mwandiko wake wa mviringo huku ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo. Haikujibiwa. Tukaandika ya pili, na ya tatu. Hadi mwaka unaisha tulikuwa tumeandika tano, na ile ya mwisho sikuwa na la kusahihisha. Nilimwambia, “Safi kabisa, Mama Opio,” nikatoka nje kwa kisingizio cha kutafuta chaki. Sajini Oloya hakuonekana tena, wala shemeji yake. Kila mara nilisema leo namwambia, na kila mara mlango ulifungwa sijamwambia.

Muhula ulipokwisha niliomba kurudishwa nyumbani. Nilimweleza Katibu yote. Mzee yule aliyependa majina alivua miwani.

“Ni mimi niliyewalazimisha,” akasema.

“Ulinilazimisha kuandika jina,” nikamjibu. “Port Bell niliongeza mwenyewe, ili barua yangu iwe na uzito kuliko za wenzangu.” Huo ndio ukweli wenyewe, na sikuwa nimeukiri hata kwangu mpaka dakika ile.

Baada ya hapo nilifundisha Voi, nikawa mwalimu mkuu, nikawa mkaguzi wa Kiingereza, nimezunguka wilaya nzima kwa pikipiki. Utawala ule wa jeshi ulipoanguka nilipanda treni tena, safari hii sikutumwa na misheni yoyote. Nilimtafuta Mama Opio siku tatu. Alikuwa amefukuzwa kwenye nyumba za polisi zamani, nikampata mtaa wa Lubaga, amekonda, anauza karanga na simsim ya kusaga mbele ya chumba chake. Nilikataa kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama, tangu barua hadi soda.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapangapanga vikopo vyake.

“Mimi najua, Mwalimu,” akasema.

“Unajua? Tangu lini?”

“Tangu siku naenda uliza wao, juma ile ile. Walinionyesha karatasi. Walicheka. Walisema, rafiki yako ndiyo hii.”

Nilihesabu haraka. Alikwenda kuwauliza ndani ya juma lile la kwanza, kabla hajarudi darasani. Barua zote tano, kalamu yangu nyekundu, kisingizio changu cha chaki, vyote alikuwa akijua.

“Mama Opio, kwa nini uliendelea kuja?”

“Nani ingine ingeandika na mimi?” akasema. “Nilikuwa nataka bwana yangu. Hasira nikaweka kando, nikasema itangoja.”

Niliinama nikamwomba msamaha, kwa Kiswahili, kwa Kitaita, sijui kwa nini na Kitaita. Aliniinua. Akanifungia simsim kwenye jani la mgomba ya kula njiani, kama mgeni yeyote.

“Kusamehe mimi bado kumaliza,” akaniambia. “Nimejaribu. Nikimaliza nitatuma neno.”

Nimestaafu sasa mwaka wa kumi na tano. Vijana hunijia Wundanyi kabla ya kwenda kufundisha nchi za watu, wananiuliza wachukue nini. Nawaambia andalio la somo, viatu imara, na wakifika wawatazame wenyeji wanavyoomba, wafanye vivyo hivyo bila kuguna. Wengine huyaandika daftarini. Wengine huniona bibi aliyepoa imani, kama mimi nilivyomwona yule Kaimu, na siwalaumu.

Anwani yangu Mama Opio anayo. Namba ya simu pia nilimpelekea kwa mtu, na mtu huyo akaniambia yu hai, ana wajukuu, na aliipokea kwa mkono wake. Neno halijaja bado. Sijaandika kumkumbusha, na sitaandika.