Pigo au Kosa

Mtu wa mji wetu wa Haldane akikuambia Verlin Stutzke hajawahi kukosea, usibishane naye, utachoka bure. Miaka thelathini na moja alitupelekea barua, na miaka hiyohiyo, kila chuo chetu kilipocheza besiboli nyumbani, yeye ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya mpigaji, penseli sikioni, akiandika. Kazi yake ilikuwa kuamua. Mpira ukipigwa na mpigaji akafika salama kwenye kituo cha kwanza, lazima mtu mmoja aseme: hilo ni pigo halali, au mlinzi kafanya kosa. Verlin akishasema, basi, imeandikwa.

Kitu ambacho hakuna aliyejua, hata mkewe Lavonne, ni kwamba tangu majira ya baridi alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia, na la kushoto nalo halikuwa na nguvu. Alinyamaza. Angesema, kibanda kingekwenda, na bila kibanda hakujua Jumamosi angekuwa nani.

Sasa mwaka huo chuo chetu, ambacho kwa kawaida kilishika mkia, kikashinda, kikashinda tena, mpaka wenyewe tukaanza kuogopa. Mwezi wa tano tukafika fainali, nyumbani. Mrushaji wetu, Colt Brandvold, mtoto wa mfuga nguruwe, akarusha awamu nane bila mpinzani hata mmoja kupata pigo. Ilibaki ya tisa, ya mwisho. Hakuna mwanafunzi wetu aliyewahi kumaliza mchezo hivyo, na kama ilivyo desturi, hakuna aliyethubutu kulitamka, lisije likaingia mkosi. Wenzake walimkimbia pale kwenye benchi kana kwamba ana ndui.

Awamu ya tisa mpira ukapigwa ukapaa juu kabisa, ukamshukia Ruben Arredondo, mlinzi wetu wa katikati, ambaye msimu mzima hakuwa na kosa hata moja. Hiyo nayo ni rekodi. Ruben akainua glavu. Mpira ukaanguka chini, pu!

Uwanja mzima ukageuka kutazama kibanda. Likiwa pigo, Colt amekwisha. Likiwa kosa, Ruben ndiye amekwisha.

Na Verlin? Masikini, hakuona kitu. Aliona weupe wa mbingu, halafu akaona kijana ameinama. Alisikia watu wakipiga kelele, "Kosa! Kosa!" na mdomo wake ukasema wenyewe, "Kosa." Ubao ukaandika hivyo. Colt akamtoa mpigaji aliyefuata, vijana wakarundikana katikati ya uwanja wakilia, tukawa mabingwa.

Kanuni inampa mwandishi saa ishirini na nne za kubadili uamuzi. Verlin alidhani atazimaliza usingizini. Asubuhi, kahawa haijachujika, Colt huyo mlangoni, kofia mkononi.

"Ingia ndani, bingwa!"

"Sikai, mzee. Nimekuja tu kukuambia, lile lilikuwa pigo. Ruben hana kosa mwaka mzima. Mbadilishie."

"Una akili timamu wewe? Jina lako linaandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa chuo sasa hivi!"

"Najua, mzee. Lakini si vizuri."

Akaondoka, akamwacha Verlin ameduwaa. Mchana akaja Ruben, mguu ndani mguu nje.

"Nasikia Colt alikuja. Usimsikilize yule, anajifanya mtakatifu. Mpira ulikuwa wangu, mzee, nilizubaa tu. Kosa liache hivyohivyo."

Haya, hebu niambie wewe! Mwenye faida anaikataa, mwenye hasara anaing'ang'ania. Verlin alikaa kwenye ngazi za nyuma. Huyu anadanganya, au yule? Au wote wawili?

"Kwani wewe uliona nini?" Lavonne akamuuliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alichukua funguo za gari.

Saa kumi na moja jioni alimkuta Ruben kwenye duka la matairi la baba yake, anaziba pancha.

"Ruben, mwanangu. Ule mpira mimi sikuuona. Nina mtoto wa jicho."

Ruben akacheka, akadhani ni utani. Halafu akaacha kucheka.

"Hata mimi sikuuona, mzee. Jua lilinijaa usoni. Niliinua glavu nikiomba Mungu tu, haukunigusa hata kidole."

"Sasa mbona ulisema..."

"Colt ni rafiki yangu, mzee. Ningesemaje?"

Mpira uliopotelea juani bila kuguswa ni pigo. Hilo kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Katika zile saa ishirini na nne zilibaki dakika ishirini. Verlin alipiga simu ofisi ya ligi palepale, kati ya matairi.

"Andika pigo," alisema. "Arredondo, makosa hakuna."

"Sababu, Bwana Stutzke?" mama wa ofisini akauliza.

"Mwandishi hakuona."

"Hiyo nayo niiandike?"

"Iandike."

Kibanda kikaenda hivyo. Lakini alijisikia mwepesi, karibu afurahi, akampigia Colt.

"Colt, mwanangu, nimekusikiliza. Nimebadilisha."

Kwenye simu zilisikika sauti za watu wakicheka sebuleni.

Sisi watu wa huku, lazima niseme, hukataa kitu mara tatu huku tunakitaka. Kipande cha mwisho cha pai hulala kwenye sahani mpaka kikauke, kila mtu anamsukumia mwenzake. Verlin amezaliwa humo, amekulia humo, ameoa humo, na bado siku ile, kwa kuchanganyikiwa kwake, akamchukulia kijana maneno yake kama alivyoyasema.

"Mzee," Colt akasema hatimaye, sauti imekuwa nyembamba, "mimi nilisema tu. Nilijua utakataa."

Verlin akaegemea rundo la matairi.

"Babu yangu amefika tangu asubuhi, kutoka mbali, Dakota," Colt akaendelea. "Amekaa hapa sebuleni anawasimulia watu. Nimwambie nini?"

"Mwambie lilikuwa pigo."

"Lilikuwa pigo kweli?"

"Kweli."

"Uliliona?"

Ruben alikuwa ameacha kuziba pancha, anamtazama. Verlin akahamisha simu sikio la pili, kama vile hakusikia swali.

"Hapana," akasema. "Sikuliona."