Barua Niliyoisoma Mbele ya Mama Achieng

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyopigiwa makofi mengi kuliko zote maishani mwangu. Kila nikiyakumbuka makofi hayo, natazama chini.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kampuni ya chai ilitaka kujenga laini za wafanyakazi wake waliotoka ziwani, juu ya kilima chetu, upande wa Kedowa: nyumba nyingi kama kijiji kizima, ukuta kwa ukuta, zote za kuezekwa nyasi. Kilima hicho kilikuwa malisho. Kila Januari, nyasi zikikauka, sisi wenyewe tuliziwasha moto ili mvua ya Machi ioteshe majani mapya ya ng'ombe. Na upepo wa pale hauna adabu.

Barazani wazee walimweleza karani wa kampuni hayo yote, polepole. Karani akacheka. "Basi mwambieni huo moto wenu ungojee ruhusa," akasema. "Nyumba zitajengwa."

Chebet wangu alikuwa mgongoni, hajaota hata jino, na uvumilivu wangu ukaishia hapo. Nikasimama. Mwanamke kijana hakuwa akisimama mbele ya wazee, lakini mimi nilikuwa nimefika sekondari, peke yangu kilima kizima, na kiburi cha kalamu ni ugonjwa. Nilipaswa kusema habari ya moto. Sikuisema. Nilisema, "Peleka watu wako wa ziwani wakajengewe kwao. Hapa watatumalizia maji, watatuibia kuku." Makofi yakalia. Nikaenda nyumbani nikaandika maneno yale yale kwa Kiingereza safi, nikayapeleka Kericho, ofisini kwa Bwana Mkubwa wa wilaya.

Jibu lilikuja fupi: ofisi haina nafasi ya ugomvi wa kabila kwa kabila. Kampuni ikajenga safu ya kwanza.

Januari ikafika, tukawasha nyasi kama kawaida. Nasema tukawasha, kwa sababu kijinga kimoja cha moto kilitoka jikoni kwangu. Adhuhuri upepo ukageuka. Safu nzima ikateketea. Watu wengi walikuwa shambani wakichuma chai, na hiyo ndiyo iliyokuwa salama yao. Hakufa mtu. Lakini mtoto mmoja wa miaka mitatu, Achieng, aliungua miguu.

Kesho yake Kugo Arap Tonui, babu aliyekuwa mkubwa wa kokwet, yaani baraza letu la majirani, akaniita. "Njoo na nakala ya ile barua," akasema. Nilimkuta ameketi na mama yake Achieng, mtoto mapajani, miguu imefungwa kanga.

"Kwetu mtu hasemwi akiwa hayupo," Kugo akaniambia. "Wewe uliwasema hawa. Sasa wapo. Soma, tena kwa Kiswahili."

Nikaanza. Nilipofika kwenye "watatuibia kuku", nikasita.

"Mbona umekwama?" akauliza. "Barazani hukumeza hata mate."

Nikasoma mpaka mwisho. Mama Achieng hakulia, wala hakunitukana. Alisema, "Mama Chebet, unafikiri mimi niliomba kulala pale? Nilimuuliza nyapara, hizi nyasi zikishika moto tutapita wapi? Akasema niulize wenyeji. Nikafunga safari kuja kwako, maana walisema umesoma. Njiani nikaambiwa ulivyotusema. Nikarudi."

Nikaikunja ile nakala, mwanangu.

Kugo akatikisa kichwa. "Ukuni ulio uchagani humcheka ulio motoni," akasema. "Na wewe umesoma, lakini ni ukuni tu." Angenichapa ingeuma kidogo kuliko hivyo.

Nikaomba msamaha, kisha nikaomba karatasi.

Laini zilijengwa bondeni mwishowe. Achieng ni bibi sasa, na anapotembea bado huinua kisigino kimoja.

Mwanangu, ukiwa na haki usiitie chuki ndani. Mkubwa ataishika ile chuki na kuiacha haki imelala chini. Kabla ya kumkataa mtu asijengewe karibu nawe, nenda umuulize kama hata yeye anapataka mahali hapo. Na pale ulipokosa, anzia hapo hapo, usingoje kuvutwa sikio. Maziwa yasikauke kwako, na moto wako ubaki mafigani.

Nakuachia maneno ya barua tuliyopeleka, mimi na Mama Achieng, kwa miguu:

"Kwa Bwana Mkubwa. Sisi wenyeji wa kilima, na sisi tulioishi katika safu iliyoungua, tunalalamika pamoja. Mimi ninayeandika naifuta barua yangu ya kwanza, ilikuwa matusi. Moto uliwashwa na sisi wenyeji kama kila Januari, na hatukuwaambia majirani wetu siku wala njia ya kukimbilia. Kampuni nayo ilielezwa habari ya moto huo mbele ya watu wote, ikacheka, ikajenga. Tunaomba pasijengwe tena pale juu. Nyumba ziwe bondeni karibu na mto, za mawe na mabati, ziachane, na ziwe na njia mbili za kutokea. Mpaka mtakapokuja kuona, watu hawa wanalala kwetu. Mama Achieng yuko nyumbani kwangu. Mkija, njooni mchana, muione vizuri miguu ya mtoto."

Chini yake iko sahihi yangu, na kando yake alama ya kidole gumba cha Mama Achieng.