Vikapu Vinavyoshika Zamu Langoni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati vichochoro vya mtaa wa Langoni, mjini Lamu, bado havijapata rangi, Bi Barka anatembea polepole akiwa amebeba nyumba sita. Tatu ziko mkono wa kulia, mbili mkono wa kushoto, na moja iko kichwani. Mtazamaji ataona vikapu vitupu vya miyaa. Yeye huona nyumba.

"Huyu mwenye ukingo mwekundu ni Bi Ummu," anasema bila kusimama. "Huyu mwenye mipini ya kamba ni mama mkwe wa Bwana Khatib, fundi saa. Na huyu wa kichwani ana watoto wanane. Hata akiwa mtupu ni mzito."

Mlango wa duka la Bwana Muhdhar ungali umefungwa. Bi Barka anaviteremsha vikapu na kuvipanga barazani, kimoja nyuma ya kingine, mipini ikielekea mlangoni. Kisha anarudi nyuma hatua mbili na kuitazama safu hiyo kwa utulivu, kama mwalimu anavyowatazama wanafunzi wake kabla ya kengele.

Hivyo ndivyo foleni ishikwavyo hapa tangu sukari na unga vilipoanza kuja kwa uchache kutoka Mombasa. Kikapu kilichowekwa ni mtu aliyefika. Anayekuja baadaye kwa miguu yake husimama nyuma ya kikapu cha mwisho, wala hakigusi. Mwenye duka hukiinua kinapofika kaunta, huuliza ni cha nyumba gani, hupima, hutia, na foleni husogea.

Lakini leo ni Ijumaa, na safu hii inapangwa kwa mara ya mwisho. Bwana Muhdhar ametangaza kwamba kuanzia kesho foleni ya duka lake ni ya watu tu, na mtu mmoja atachukulia nyumba moja.

Bi Barka ana umri wa miaka hamsini na miwili na anazitumikia nyumba kumi na moja. Kesho ataweza kuishikia zamu moja tu.

"Sijui nitaichagua ipi," anasema. "Na kumi zilizobaki zitakula nini?"

Nyumba hizo nyingi ni za wanawake wasiotoka mchana. Wako wajane, wako wazee wenye kuumwa miguu, na wako ambao desturi ya mji huwaweka ndani mpaka jua litue. Hawana mtumishi, wala mtoto wa kutuma. Wana Bi Barka, ambaye kila nyumba humpa senti hamsini kwa juma na, siku ya sukari, kiasi cha kutia chai yake. Fedha hiyo ndiyo hulipia chumba chake na mafuta ya taa.

Alizaliwa Chundwa, kisiwani Pate, katika nyumba ya wakulima. Alipofiwa na mumewe alipanda chombo katika bandari ya Mtangawanda akiwa na mkeka na sufuria moja, akaja Lamu kutafuta kazi ya kutwanga. Kazi hii ya vikapu ilimjia yenyewe. Bi Ummu, jirani yake, alikuwa na homa, akamwomba amsimamie foleni. Juma la pili jirani wa jirani naye akaomba. Sasa ni mwaka 1966, na miaka mitatu imepita akiwasimamia watu ambao wengine hajawahi kuwaona uso.

Foleni huchukua saa mbili, na siku mbaya saa tatu. Mizani ni moja, na mpimaji ni Bwana Muhdhar peke yake. Wateja hukunja nyuso, hubadilisha mguu, hutazama saa.

"Hata mahabusu wetu kituoni hupita haraka kuliko hapa," Wanyama, askari polisi aliyehamishiwa Lamu kutoka bara, hupenda kusema.

"Basi fanya kosa ukamatwe, Bwana Askari," Khatib fundi saa humjibu. "Pengine huko sukari hugawiwa mapema."

Bi Barka hana haraka. Akishavipanga vikapu vyake huketi karibu navyo, akaegemeza kichwa ukutani, na hapo, kati ya kulala na kuamka, huanza kuvisikia vikisemezana. Kikapu cha Bi Ummu hukohoa. Kile cha watoto wanane hulalamika kwamba hakulaliki usiku. Kimoja cha bibi arusi wa mwezi jana hakisemi kitu, huona haya. Mara nyingine foleni hurefuka machoni pake. Hutoka barazani, hushuka mpaka ufukweni, huvuka maji bila kulowa, na huishia kwenye shamba la ufuta la mama yake huko Chundwa, ambako mama, aliyekufa zamani, huwa ndiye mtu wa mwisho, naye hangoji kwa uchungu.

"Mama Barka, sogeza watu wako!" huita mtu, naye huamka, akavisogeza hatua moja.

Mambo yaliharibika Jumatatu.

Asubuhi hiyo Bi Barka alikuwa amekwisha kuweka vikapu sita vya safari ya kwanza, akaenda kuchukua vitano vya safari ya pili. Wachukuzi wengine nao walikuwa wameweka vyao kumi na viwili, wakaondoka kwenda kusali. Barazani hapakuwa na mtu. Ndipo akafika Kwamboka, muuguzi mpya wa hospitali, mwenyeji wa Kisii, akiwa na siku nne tu mjini.

"Niliona vikapu vimepangwa nje ya duka, nikajua ni vya kuuza," anaeleza Kwamboka, na mpaka leo bado hushika shavu akilisema neno hilo. "Kwetu mwenye duka hutandaza bidhaa zake nje hivyo hivyo. Nikaona vinaziba njia. Nikasema nimsaidie."

Alivipachika. Kidogo ndani ya kikubwa, na kikubwa ndani ya kikubwa zaidi, kwa uangalifu ule ule anaoutumia kupanga mabeseni ya wodini. Vikapu kumi na vinane vikawa mafungu matatu nadhifu. Kisha akaketi mlangoni, akafurahi kuwa wa kwanza.

Bi Barka aliporudi alisimama katikati ya njia.

"Shikamoo, mama," Kwamboka alimwamkia. "Unajua hivi ni bei gani?"

"Marahaba. Hivyo si vikapu, mwanangu. Hao ni watu."

Wanyama, aliyekuwa ndio kwanza anafika, alicheka mpaka akavua kofia. "Sista, umewatia watu matumboni mwa watu!"

Waliorudi kutoka msikitini hawakucheka. Bi Barka alifumba macho akavitaja vyake sita kwa taratibu, wa kwanza mpaka wa mwisho. Lakini vile kumi na viwili vingine kila mtu alikuwa na ushahidi wake. Huyu aliapa alikuwa wa tatu, yule akaapa wa tatu ni yeye. Kikapu kimoja kilivutwa pande mbili mpaka mpini ukakatika. Kwamboka aliomba radhi kwa kila mtu, na kila aliyeombwa alimweleza upya zamu yake.

Bwana Muhdhar alifungua mlango akazikuta kelele. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo aligonga kaunta kwa jiwe la mizani.

"Nimechoka kuhukumu kesi za vikapu," alisema. "Kuanzia Jumamosi, asiye na miguu hana zamu!"

Bi Barka alimfuata nyuma ya kaunta baada ya wateja kutoka. "Bwana Muhdhar, wanangu hao watakula nini?"

"Si mimi niliyeviacha peke yavyo, Bi Barka," alijibu mwenye duka bila kuinua macho. Hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ilimchukua siku mbili kuzipitia nyumba zote kumi na moja na kupeleka habari. Kwa Bi Ummu alifika mwisho. Bi Ummu ni mjane wa nyumba kubwa ya mawe ambayo sasa ina mtu mmoja tu. Mwanawe yuko Mombasa.

"Ndoo ukae," alimwambia kwa Kiamu chake, akimpisha kwenye mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho. "Na mimi nile nini, Barka? Upepo?"

"Sijui, Bi Ummu."

Bi Ummu aliunyoosha ukingo wa mkeka. Kisha akauliza, "Amesema ataka watu?"

"Watu tu."

"Basi atapowa watu."

Bi Barka alirudi chumbani mwake akiwa na hofu mpya. Kama mabibi wenyewe watatoka kwenda dukani, yeye atakuwa nani? Aliketi na vikapu vyake, akivisikiliza, navyo havikusema neno.

Jumamosi inafika. Saa kumi na mbili asubuhi Bi Barka anatoka mikono mitupu, na mikono hiyo inamwendea vibaya, haijui pa kukaa. Mbele ya mlango wa Bi Ummu anamkuta mwanamke aliyejifunika buibui kuanzia utosini hadi nyayoni, kikapu chenye ukingo mwekundu kikiwa mkononi. Wanafuatana. Bi Ummu hajaikanyaga njia hii mchana tangu afiwe, na hiyo ni miaka kumi na minne. Kila kona anasimama kidogo, kama mtu anayesoma.

Barazani wanashika nafasi ya kwanza na ya pili. Dakika chache baadaye linatokea buibui la tatu, kisha la nne: Bi Ummu alikwisha kuwapelekea wenzake habari usiku, jua lilipotua. Kabla jua halijafika kwenye paa, wanawake tisa wamesimama mlangoni mwa duka.

Khatib fundi saa anapokata kona anawaona, anasimama hatua kumi nyuma, na kuugeukia ukuta. Ni adabu ya mji: mwanamume hasimami kisogoni mwa mke wa mwenziwe, wala hamtangulii. Anayekuja nyuma yake naye anaugeukia ukuta. Foleni ya wanaume inarefuka kichochoro kizima, wote wakitazama chokaa.

Kwamboka anafika akiwa amevaa sare yake nyeupe. Saa mbili anatakiwa awe wodini.

"Mbona hatuendi?" anamwuliza Khatib.

"Tunawapisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waishe."

"Lakini wanaongezeka!"

Na kweli, mabuibui mawili mengine yamekata kona, na wanaume wote, kwa pamoja, wanarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ndiyo foleni ya kwanza niliyoiona ikienda kinyumenyume," anasema Wanyama.

Bwana Muhdhar anafungua mlango. Anaona weusi mtupu mbele yake. "Karibuni," anasema. "Karibuni sana. Bi..." Ili nyumba isichukue sukari mara mbili ni lazima aulize ni nyumba gani. Lakini kumwuliza mwanamke aliyejifunika ataje nyumba yake mbele ya wanaume thelathini ni sawa na kumwomba ajifunue. Haulizi. Bi Ummu naye hasemi. Anakiweka kikapu juu ya kaunta, na kikapu kinabaki hapo.

Mizani haijasogea. Jasho linamtoka mwenye duka. Mwishowe anamgeukia mtu pekee anayeweza kuulizwa.

"Bi Barka, niambie basi, huyu ni wa wapi?"

Bi Barka anavuta pumzi. "Bwana Muhdhar, ulisema foleni ni ya watu. Mimi ni mtu mmoja, nami ni wa pili. Nangoja zamu yangu."

Kutoka ukutani, fundi saa anacheka bila kugeuka. Kicheko kinapita mtu hadi mtu mpaka mwisho wa kichochoro.

"Jamani, virudisheni vikapu!" analia Kwamboka. "Mimi niliyeviharibu nawaomba. Nina watu ishirini wananingoja hospitalini, nao pia wako kwenye foleni!"

Bwana Muhdhar anafanya jambo ambalo hakuna anayekumbuka kumwona akilifanya wakati wa kazi. Anatoka nyuma ya kaunta, anakuja mpaka barazani, na kusema kwa sauti ya chini, "Vikapu vitahesabiwa."

"Vipitie wapi?" anauliza Bi Barka. "Hapa vitapachikwa tena."

Mwenye duka anafikiri. Ubavuni mwa duka, upande wa kichochoro chembamba kisichopitiwa na wateja, ukuta una tundu la zamani lililozibwa kwa mbao. Atalizibua liwe dirisha la vikapu. Atapima mara moja mlangoni, mara moja dirishani. "Lakini sikiliza, Bi Barka. Visikae peke yavyo hata dakika moja. Siku nitakayovikuta peke yavyo, nalifunga, na ndio mwisho."

Asubuhi hiyo Bi Barka anazitaja nyumba zote, moja baada ya nyingine, akimnong'oneza mwenye duka sikioni. Saa mbili kasorobo Kwamboka, aliyepishwa na wanaume, anaondoka mbio na sukari yake.

Shida mpya inamjia Bi Barka wakati wa kurudi. Nyumba ni kumi na moja na mikono ni miwili. Lazima aende safari mbili, na katikati ya safari hizo vikapu vitabaki peke yavyo. Hana uwezo wa kumlipa msaidizi. Anamweleza Bi Ummu huku wakitembea, lakini Bi Ummu haonekani kusikia. Amesimama pale kichochoro kinapofunguka kuelekea pwani na maji ya bahari kuonekana.

"Nilisahau kwamba mai asubuhi yana rangi ya maziwa," anasema. Anatazama kwa muda mrefu. Kisha anauliza, "Hicho kichochoro cha dirisha, wapita wanaume?"

"Hawapiti."

"Basi mimi nitakaa na vikapu. Wewe enda ulete vingine."

"Bi Ummu! Watu watasema."

"Na waseme. Watasema na foleni yao ikenda."

Dirisha litafunguliwa Jumatatu. Fundi seremala amekwisha kuchora alama za chaki ukutani, na Bi Barka ameomba lishushwe kidogo ili mwanamke aliyeketi aweze kukifikisha kikapu bila kusimama. Ameupeleka pale mkeka wake mwenyewe kuujaribu, akaketi, akaegemea, akafumba macho.

Hana hakika kwamba Bi Ummu atakuja. Kati ya Jumamosi na Jumatatu, anasema, mtu aliyekaa ndani mchana kwa miaka kumi na minne aweza kubadili nia mara nyingi, wala yeye hatamlaumu. Lakini akija, kazi itabaki, na nyumba kumi na moja zitakula.

"Nitaviweka sita, nitakwenda kuvifuata vitano," anasema Bi Barka. "Ninaloliomba ni moja tu. Nikirudi, nikikata ile kona, nimkute pale."