Vitambaa kwenye Mitunguja

Watu wakiniuliza kazi yangu, huwajibu kwamba naainisha mitunguja, na hapo mazungumzo hufa. Mtunguja kila mtu wa pwani anaujua. Ni kile kichaka cha miiba kinachoota kando ya njia, penye jalala na nyuma ya zizi, kinachozaa vitunda vya kijani vyenye michirizi myeupe, ambavyo vikiiva hugeuka manjano na havimfai mtu. Hata mbuzi, ambaye hula mfuko wa saruji akaridhika, akiufikia mtunguja hugeuza shingo. Sasa mtu akisikia kwamba yupo mwanamke aliyesoma mpaka chuo kikuu, kisha akaajiriwa kuutazama mtunguja kwa kioo cha kukuzia, hunionea huruma. Mimi ni mwepesi wa hasira, na hakuna kinachonipandisha mori kuliko huruma hiyo.

Kwa sababu mtunguja si mmoja. Uko wenye miiba iliyonyooka, uko wenye miiba iliyopinda, na uko usio na mwiba hata wa kuchokolea meno. Vinywele vya majani, ukivitazama kwa kioo, ni vinyota vitupu, na vinyota vingine vimekaa juu ya kikonyo na vingine vimelala moja kwa moja juu ya jani. Wote hao ni jamaa wa bilingani, nyanya na pilipili, wa mnavu tunaoula kwa sima, na wa mnanaha, ambao aliyeula bila kujua huweza kurukwa na akili akavua nguo sokoni. Ukoo huo una tabia za watu wa mjini kwetu Malindi: wote wanafanana sura, na kila mmoja anakana undugu.

Tena kichaka chenyewe ni kigeugeu. Kikiwa kichanga kina miiba, kikizeeka kinaitupa, kikikatwa panga kinachipua nayo upya. Nilikuwa nikikipiga picha na kumtumia mkuu wangu wa kazi aliyeko Nairobi kwenye simu, nikimuuliza kama huu ni aina ile au nyingine. Yeye baada ya muda hujibu neno moja tu: "Inawezekana." Nimewahi kutaka kuirusha ile simu mtoni.

Dawa ya ukigeugeu ni kukifuata kichaka kile kile tangu maua mpaka tunda bivu. Na ili ukijue kuwa ndicho kile kile, sharti ukitie alama. Nilianza na vibati vilivyopigwa namba, watoto wakavichukua wakavifanya vipuli. Nikatia karatasi, mvua ikazila. Mwisho nikaenda kwa fundi cherehani mmoja mjini nikamuomba mabaki ya nguo, naye akaingiza mkono kwenye gunia akanipa yaliyokuwa juu: mekundu, meupe na meusi. Nikafurahi sana. Chekundu nikakifunga kwenye mitunguja ya miiba iliyonyooka, cheupe kwenye isiyo na miiba, na cheusi kwenye ile ambayo mimi nayo hatujaelewana.

Msomaji wa pwani hapa ameshashika mdomo. Mimi sikushika, kwa kuwa nilikuwa nimezama katika vinyota.

Msimu huo nilikaa Sabaki kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa huko zamani na sasa ni mjane. Shamba lake la mahindi linateremka kuelekea mtoni, na ukingo wake wa njiani umejaa mitunguja ya kila sura, kwani shangazi hakuwahi kuona sababu ya kulima pasipopandwa kitu. Kwangu mimi ukingo ule ulikuwa hazina. Niliufunga vitambaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na shangazi hakuviona, maana mwaka ule mgongo wake ulikuwa umegoma. Alikuwa hawezi kuinama hata kuokota kijiko, na shamba alikuwa akilitazama kwa mbali, akiwa ameketi kibarazani, ambako ukingo hauonekani mpaka usimame.

Kwa hiyo mahindi yote yalikuwa yakiwategemea wenzake. Wanawake wa pale hulimiana: leo wanapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye zamu hupika. Zamu ya shangazi ilikuwa imefika, magugu yameshafika magotini, na kama wasingekuja wiki ile, basi mwaka ule angekula mahindi ya dukani. Alikuwa ameamka mapema akapika kunde za nazi kwa kukaa kwenye kigoda, akitukana mgongo wake kwa kila kijiko cha chumvi.

Wakaja na majembe begani, wakiimba. Walipofika ukingoni wimbo ukakatika. Walisimama njiani, halafu mmoja akapanda mpaka uani. Huyu alikuwa jirani yetu wa upande wa mtoni, mama wa Kigiriama mwenye sauti ya kuongoza kwaya ya kanisa, rafiki wa shangazi tangu shangazi alipoletwa pale bi arusi. Hakusalimu.

"Hebu toka utwambie," alisema. "Sisi tumekuwa wezi lini?"

"Wezi?" shangazi akashangaa. "Karibuni, mwenzangu. Chai i tayari."

"Chai tutaiona baadaye. Lile kago ukingoni ni la nini?"

Kago ni dawa anayoiweka mwenye shamba, ili mwizi akigusa mazao tumbo lake lifure mpaka aje mwenyewe kukiri. Na dawa za namna hiyo, kwetu, huenda na vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi. Kuliwekea kago shamba ambalo majirani zako wanakuja kukulimia ni kumwambia kila mmoja usoni kwamba unamjua mkono wake. Kuna matusi yanayosameheka haraka kuliko hilo.

Shangazi alinyanyuka kwa kushika ukuta, akatazama kule chini, akaviona vitambaa vikipepea. Kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema polepole, "ni weye?"

Nilikubali papo hapo, tena kwa furaha, kwa kuwa niliona jambo dogo la kuelezwa likaisha. Nikateremka mpaka njiani nikasimama mbele ya wanawake wale nikawaeleza sayansi. Nikasema kwamba kila rangi ina maana yake. Wakatazamana. Nikasema kwamba huja alfajiri, jua halijapanda, nikavichungulia vinywele kwa kioo. Nikasema kwamba hukata tawi nikalilaza kwenye gazeti, nikalibana katikati ya mbao mbili kwa kamba, na likikauka hupelekwa Nairobi likafungiwa kabatini, na huko hupewa jina la lugha ya kale ambayo hakuna tena mtu anayezaliwa akiisema. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kurudi nyuma.

"Na hilo tawi," akauliza yule jirani, "likishafungiwa huko kabatini, mtunguja wenyewe huku huwaje?"

"Wakati mwingine hukauka," nikajibu, kwa kuwa mimi ni mkweli.

Kuna aliyejifunika kanga usoni.

"Na ni nani akutumaye?"

"Mkuu wangu. Yuko Nairobi."

"Mwaonana?"

"Hatuonani sana. Hunitumia ujumbe."

"Husemaje?"

Nikafikiri. "Husema inawezekana."

Hapo nikaona wazi kwamba nimeharibu. Damu ikanipanda. Nikawaambia kwa sauti kubwa kwamba kama hawaniamini nitachuma tunda la mtunguja wenye kitambaa nilile pale pale mbele yao. Yule jirani akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu anayesahihisha hesabu.

"Ukila ukaugua, kago lipo," akasema. "Ukila usiugue, kago lipo vile vile na weye ndiye uliyeliweka, maana dawa haimdhuru mwenyewe."

Mkono niliokwisha kuunyosha kuelekea tunda nikaurudisha. Isitoshe tunda lile kweli huvuruga tumbo, na hakuna ajuaye hivyo kuliko mimi. Wanawake walikuwa wameanza kuyarudisha majembe begani. Nikageuka kumtazama shangazi. Alikuwa ameteremka kwa fimbo hatua baada ya hatua, jasho linamtoka, na alikuwa hatazami magugu wala mahindi. Alikuwa akimtazama rafiki yake.

"Nikuwekee kago weye?" alimwambia. "Weye uliyewapokea wanangu wote kwa mikono hiyo?"

Jirani alitazama chini. "Basi na atoe," akasema. "Mkono uliofunga ndio ufunguao. Aanzie alichofunga mwisho, arudi nyuma mpaka cha kwanza. Na asiseme neno."

Shangazi hakuniamuru. Alinisihi kwa macho, na hilo ni baya zaidi. Mimi nilijua maana yake. Vitambaa vikitoka, mitunguja yote inarudi kuwa mitunguja tu, na maua niliyoyaandika hayatapata tena matunda yake. Kazi ya msimu mzima ilikuwa imening'inia pale kwa mafundo. Niliona uchungu mwingi, nasema kweli, na niliwachukia wote pamoja na kwaya yao.

Nikaanza kufungua. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda zaidi, maana kila kichaka nilichokifungua nilikuwa na la kusema juu yake. Nyuma yangu wanawake walinifuata kwa mbali, wakihakikisha siruki kimoja. Nilifika karibu na mwisho, kwenye mtunguja mmoja wa kitambaa cheusi ambao nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni aina ambayo haijawahi kuonekana upande huu wa mto, na mwiba wake ukaniingia chini ya ukucha. Nikasema neno. Sitaliandika hapa. Lilisikika mpaka ng'ambo.

"Ameharibu," mmoja akanong'ona.

Wote wakamgeukia jirani. Alinitazama nikinyonya kidole huku machozi yakinilengalenga, akamtazama shangazi aliyeegemea fimbo, akashusha pumzi.

"Yatosha," akasema. "Mengine tumwachie Mungu. Shikeni majembe."

Wakalima. Sijaona watu wakilima vile. Ile hasira yote iliyokosa pa kwenda iliingia kwenye majembe, na walipomaliza mahindi wakaona ukingo unawatazama, wakaulima pia, kwa wema, ili kumsaidia mgonjwa. Mtunguja wangu wa kitambaa cheusi niliukuta umelala chali, mizizi juu. Nilipiga picha mizizi nikamtumia mkuu wangu, naye kwa mara ya kwanza akajibu kwa swali: "Umeungoa kwa nini?" Kunde zilikuwa tamu, wakala, wakacheka. Mimi nilikula kwa kununa, pembeni.

Nikarudi Malindi. Mahindi yalipofika ya kuchoma, nilikwenda Sabaki tena kumwangalia shangazi. Mgongo ulikuwa umelegea kidogo na alitaka kulitembelea shamba lake mwenyewe, kwa hiyo nikamshika mkono tukateremka. Akafurahi kila hatua, mpaka tulipofika upande wa njiani, akasimama.

"Upande huu," alisema, "kila mwaka huliwa na tumbili. Huwa hatupati kitu. Nilishawaachia, ni fungu lao."

Mwaka ule kila bua lilikuwa na hindi lake. Hapakuvunjwa hata moja.

Mimi, kwa ile kazi yangu, siwezi kuona jambo nikaliacha bila kulitia mahali pake. Nikaanza kusema kwamba tumbili hawajui rangi za vitambaa, wala hawajali kama mganga, yaani mimi, alikatiza kuifungua dawa kwa tusi, kwa hiyo kama mwaka huu hawakuja, basi miaka yote ile...

"Nyamaza," shangazi akaniambia.

Akakaa kwenye tuta, kaniki yake ikaingia vumbi. Nikadhani mgongo umemrudia, kumbe si mgongo.

"Ndiyo maana yule mwenzangu wa mtoni ndiye aliyepanda kuuliza habari za wezi. Angeniomba," akasema. "Ningempa. Ana wajukuu wengi mle ndani na mwanawe hatumi kitu. Angeniomba tu." Kisha akajifuta macho kwa ukingo wa kanga na kuniamuru nichume upande ule ule, makubwa makubwa, nijaze kapu. "Mpelekee. Na ukifika usieleze kitu. Weye maelezo yako tumeyaona."

Nikampelekea. Jirani alikuwa akifua. Alilitazama kapu, akaniuliza, "Ya upande gani haya?" Nikamwambia ya njiani, nikafunga mdomo, jambo ambalo lilinigharimu nguvu. Aliikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi mpaka ikawa haina tena maji, akaendelea kuikamua. Kisha akalibeba kapu mwenyewe kichwani, akafuata njia ya kwetu, nami nikimfuata nyuma.

Shangazi alikuwa jikoni, ameshapuliza moto. Hawakusalimiana. Jirani akavuta kigoda, wakamenya mahindi pamoja, wakayapanga juu ya makaa, na mimi nikakaa mlangoni. Punje zikaanza kupasuka. Lilipoiva la kwanza, shangazi akaligonga majivu, akampa mwenzake.

"Kula," akasema. "Na ukitaka mengine, njoo mchana."

Jirani alilipokea kwa mikono miwili, likimuunguza hivyo hivyo, na hakuling'ata mpaka shangazi alipoanza la kwake.